Kubadili Mafuta ya Injini ya Dizeli Nyumbani

Kila mtoto wa Usoke aijua sauti ya injini ya dizeli. Aisikia gari la moshi lipitapo kwenda Kigoma au lirudipo Tabora. Aisikia wakati wa tumbaku, malori yajapo kupakia marobota. Tena aisikia usiku wa manane, mgonjwa anapopelekwa hospitali kwa gari la kukodi. Walakini ni wachache waliopata kulala chalichali chini ya gari hilo na kutazama yaliyomo tumboni mwake. Leo tutalala huko pamoja.

Zamani mizigo ya nchi hii ilichukuliwa mabegani. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe hata Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, kila mtu na pembe yake au robota lake la frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na misafara ile ikakoma. Sasa mpagazi akichoka aliweza kunena: aliweka mzigo chini, akaomba maji. Injini haineni. Huvumilia kimya siku nyingi, kisha hufa mara moja, na yule asiyeyaangalia mafuta yake hashituki mpaka imekwisha kufa.

Kwanza tuulize, dizeli ni nini? Ni jina la mtu. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi wa Kijerumani, aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Aliona kwamba injini za mvuke za wakati wake zapoteza sehemu kubwa ya moto wa makaa bure, akatafuta njia nyingine. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilifanya kazi vema mbele ya watu wenye kujua mambo hayo. Siri yake ni hii. Wewe umepata kutia upepo baisikeli, ukaona bomba lapata moto mkononi, kwa maana hewa ikishindiliwa hupata joto. Basi katika injini ya dizeli hewa hushindiliwa mpaka nafasi yake imepungua mara 20 hivi, nayo hupata joto kubwa hata mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe, pasipo cheche. Ndiyo sababu injini hiyo haina plagi za cheche kama injini ya petroli. Plagi zilizomo katika dizeli nyingi ni za kuitia joto tu wakati wa kuiwasha, ikiwa bado ya baridi.

Jambo moja litawafurahisha watu wa wilaya ya Urambo. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, wala wengi waliokuwa wakiitazama hawakutambua. Miaka 47 baadaye serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, katika Kongwa, na Nachingwea, na hapa hapa Urambo. Matrekta mengi yaliletwa ili kung'oa miti, mengi yakiwa mabaki ya vita, nayo yakaharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na Urambo ikageukia tumbaku. Wazee husimulia sana habari za karanga zilizokosa mvua. Lakini mashine zilizokosa matunzo nazo zilikuwa na sehemu yao katika hasara ile.

Sasa tuyatazame mafuta. Katika gari la dizeli mna mafuta ya namna mbili, wala usiyachanganye. Dizeli yenyewe ni chakula: huingia, huwaka, huisha. Mafuta ya injini, ambayo mafundi wengi huyaita oili, hayaliwi. Hukaa ndani na kuzunguka, yakirudi tena na tena pale yalipotoka. Hukaa chini kabisa ya injini katika sampu, na sampu ni kama bakuli la chuma. Pampu huyavuta kutoka humo, huyapitisha katika chujio, kisha huyasukuma kila mahali chuma kinaposuguana na chuma.

Kazi yake si moja. Hutenga chuma na chuma, kwa utando mwembamba usioonekana, hata visigusane. Huchukua joto kutoka mahali pa moto na kulishusha chini. Huzuia kutu. Tena huosha, na kazi hii ya nne ndiyo isiyofahamiwa na wengi. Dizeli ikiwaka hutoa masizi, kama yale unayoyaona chini ya chungu cha ugali, na baadhi ya masizi hayo hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka katika mafuta. Wenye viwanda wametia dawa ndani ya mafuta ili kuyashika masizi yaelee, yasigande katika vijia vya injini. Kwa hiyo ukibadili mafuta leo, na kesho ukayakuta meusi, usifadhaike wala usimlaumu mwenye duka. Weusi katika dizeli ni alama kwamba mafuta yanaosha. Lakini dawa ile ina kiasi chake. Ikiisha, masizi huganda yakawa kama uji mzito, vijia huziba, na chuma hubaki na njaa.

Mafuta yabadiliwe lini? Kila gari lina kitabu chake, na neno la kitabu ndilo la kwanza. Walakini vitabu hivyo hutenga mwendo wa barabara nzuri na mwendo wa taabu, na sisi tu watu wa taabu: vumbi la kiangazi, njia za mchanga ziendazo kwenye mashamba na mizinga ya nyuki, mizigo mizito, safari fupi fupi. Mafundi wengi wa kwetu hubadili kila kilomita 5,000, nami sioni sababu ya kuwapinga. Gari lisilotembea sana, libadilishiwe walau mara moja kwa mwaka.

Tena kuna habari ya namba. Juu ya kopo la mafuta utaona maandiko kama haya: 15W-40. Fikiri habari ya asali. Asubuhi ya mwezi wa sita, kukiwa na baridi, asali hushuka mtungini polepole kana kwamba haitaki. Adhuhuri hutiririka kama maji. Mafuta ni vivyo hivyo. Namba ya kwanza, ile yenye herufi W, yaonyesha uzito wake katika baridi. Namba ya pili yaonyesha uzito wake katika joto la injini. Mafuta mepesi mno katika joto hushindwa kutenga chuma na chuma. Mazito mno katika baridi huchelewa kufika. Nchi yetu si ya theluji, kwa hiyo 15W-40 hufaa dizeli nyingi za kwetu. Walakini litazame neno la kitabu cha gari. Tazama pia herufi zifuatazo neno API. Zikianza kwa C, kama CF au CI-4, mafuta hayo yametengenezwa kwa ajili ya dizeli. Na kopo lisilo na kizibo chake kamili usilinunue, hata ukipunguziwa bei, maana wako watu wajazao makopo ya zamani kwa mafuta yaliyokwisha tumika na kuchujwa kwa kitambaa.

Haya, tuanze kazi. Weka tayari mafuta mapya, chujio jipya, washa mpya ya kizibo, spana iliyo sawa na kizibo, beseni kubwa, faneli safi, na matambara. Injini ya silinda sita, kama ile iliyo katika Land Cruiser nyingi zinazopita hapa, hunywa zaidi ya lita 9. Basi beseni la kuogea mtoto halitoshi. Nimeona mtu akikimbia huku na huku kutafuta sufuria ya mkewe hali mafuta yakifurika uani, na ugomvi wa sufuria ile ulidumu kuliko mafuta yenyewe.

Chagua siku isiyo na upepo, maana vumbi likiingia penye mafuta mapya ni sawa na kuitia injini msasa. Simamisha gari mahali palipo sawa na pagumu. Washa injini dakika chache ili mafuta yapate uvuguvugu. Yakiwa ya baridi hutoka nusu, na masizi hubaki chini. Yasiwe ya moto sana, yasije yakakuunguza. Zima injini, toa ufunguo utie mfukoni mwako, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Magari haya yako juu, na mtu aweza kuingia chini yake pasipo kuyainua. Ikiwa sharti liinuliwe, liinuliwe, kisha litegemezwe kwa stendi za chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati moja. Jeki huteleza, na gari lina uzito wa kilo 2,000 na zaidi.

Fungua kwanza kifuniko cha juu, ambapo mafuta mapya yatamiminwa. Sababu yake ni mbili: hewa ikiingia juu mafuta hushuka vizuri chini, tena ni heri kujua mapema kwamba kifuniko chafunguka, kuliko kujua hayo injini imekwisha kuwa tupu.

Kisha ingia chini ulitafute lile bakuli, na kizibo chake. Hapa wanafunzi wengi hukosea upande wa kuzungusha, kwa sababu wamelala na kichwa kimegeuka. Shika chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, uiinue juu ya uso wako, kifuniko kikikutazama: waifungua kwa kuzungusha kushoto, yaani kinyume cha mishale ya saa. Kizibo nacho ni vivyo hivyo, maadamu wakitazama uso kwa uso. Kilegeze kwa spana, kisha kwa vidole, huku ukikisukuma juu kidogo, hata ukifika mwisho ukiondoe mara moja na kuuvuta mkono. Acha mafuta yatoke mpaka yawe tone moja moja. Dakika 15 au 20 si nyingi. Pangusa kizibo na ukitazame. Unga mweusi kidogo si kitu. Vipande vya chuma ving'aavyo ni habari mbaya, na gari hilo lipelekwe kwa fundi kabla ya safari nyingine. Tia washa mpya, rudisha kizibo kwa vidole kwanza, hata kiingie chenyewe kwa wepesi; kikikataa, kitoe ukianze tena. Ndipo ukikaze kwa spana, imara lakini si kwa nguvu zako zote. Kijana mwenye kifua kipana aweza kuharibu kwa nukta moja meno ya sampu.

Sasa chujio, lile kopo la chuma lililo kando ya injini. Weka beseni chini yake, ulizungushe kwa mkono. Likikataa, tumia spana ya mkanda. Hapa yanipasa kusimulia jambo nililoliona kwa macho yangu, nami sina fahari nalo.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, mjomba wangu alikuwa na gari la dizeli la kukodisha. Jioni moja alibadili mafuta uani kwake, nami nikimshikia taa. Alilifungua chujio la zamani, akalitupa katika debe, akafunga jipya. Nilipolitazama lile la zamani ndani ya debe, nikaona mdomo wake ni chuma kitupu, hauna mpira. Nilidhani ndivyo yalivyo machujio yote. Tena kijana kumwuliza mjomba wake habari za kazi yake niliona si adabu. Nikanyamaza. Kumbe mpira ule ulikuwa umeganda penye injini, na chujio jipya likafungwa juu yake, mpira juu ya mpira. Injini ilipowashwa haikuvuja hata tone.

Usiku ule ule watu wakabisha hodi. Mama mmoja wa jirani alikuwa katika uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, na mwuguzi alikuwa ameandika barua apelekwe Tabora. Tukaondoka, njia yote ni mashimo na vumbi siku zile. Tulipokuwa hatujafika Ndono taa nyekundu ya mafuta ikawaka mbele ya mjomba. Akasema, "Ni waya tu umelegea kwa mashimo haya," akaendelea kwa sababu mama yule alikuwa akilia. Baada ya mwendo mfupi injini ikagonga kama mtu apigaye debe kwa nyundo, kisha ikakwama. Mipira miwili haikuweza kukaa mahali pa mmoja. Nguvu ya mafuta iliusukuma nje, na lita zote zikamwagika barabarani nyuma yetu. Tulikaa pale mpaka lori la mkaa lilipopita karibu na mapambazuko. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba tungalifika mapema mtoto angaliishi, na wale wazazi hawakumwambia mjomba wangu neno lolote baya; walakini mjomba aliliuza lile gari na injini yake iliyokufa, wala hakununua jingine.

Kwa hiyo, ukilitoa chujio la zamani, ligeuze uutafute mpira kwa macho na kwa kidole. Ukiwa haupo, umebaki penye injini: uutoe, upanguse pale pawe safi. Na mshika taa akiona jambo asilolielewa, na aulize. Paka mafuta mapya kidogo katika mpira wa chujio jipya, ulizungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu za mzunguko, au kama yalivyoandikwa juu yake. Spana haihitajiwi kufunga.

Mimina mafuta mapya kwa faneli, ukipunguza lita moja katika kiasi kiandikwacho. Ngoja kidogo, chomoa ule ufito wa kupimia, uupanguse, urudishe, uchomoe tena usome. Una alama mbili. Mafuta yawe kati yake, karibu na ile ya juu, wala yasiipite, maana yakizidi hupigwa na injini hata yatoke povu, na povu halitengi chuma. Washa injini bila kuikanyagia. Taa nyekundu izimike baada ya nukta chache. Isipozimika, zima injini mara moja. Ikizimika, mwache mwenzako nje na kurunzi atazame kizibo na chujio kwa dakika mbili au tatu. Zima, ngoja dakika kumi, pima tena, ukaongeze yaliyopungua.

Yamebaki mafuta machafu. Watu wengi huyamwaga nyuma ya nyumba, na wengine hupaka nguzo za boma ili kuwazuia mchwa. Nalijua neno hili la mchwa, na kwa kweli mchwa huyachukia. Lakini masizi na vumbi la chuma vilivyomo humo ni sumu, na ngozi inayoguswa nayo mara kwa mara yaweza kupata saratani. Ndiyo sababu twaosha mikono kwa sabuni kabla ya kula, wala hatufui matambara yale pamoja na nguo. Mvua za masika huyaosha mafuta kutoka katika nguzo na katika uwanja, zikayapeleka bondeni, na bondeni ndiko tulikochimba visima vyetu. Basi yatie katika dumu lenye kizibo, pamoja na yale yaliyodondoka kutoka katika chujio, uandike juu yake "SUMU", uliweke mbali na watoto mpaka upate gereji ya mjini ikusanyayo mafuta machafu.

Mwisho, fungua daftari la gari uandike tarehe, kilomita, aina ya mafuta, na lita ulizotia. Kesho yake asubuhi, kabla ya gari kuondoka, inama utazame ardhi chini ya injini. Ikiwa kavu, pima tena kwa ule ufito. Baada ya safari ya kwanza, hata ikiwa ni fupi ya kwenda sokoni na kurudi, inama mara ya pili.